Merikani Isiyotoka Marekani

Wanafunzi wetu hapa Kakiika wana neno moja tu la kukiitia kila kitu wasichokiamini, nalo ni feki. Kitenge kilichochuja rangi baada ya kufuliwa mara mbili ni feki. Betri iliyokwisha siku ya pili ni feki. Mbegu ya mahindi iliyokataa kuota ni feki. Na viatu vyenye jina la kampuni ya ng'ambo lakini vilivyoshonwa Kampala navyo ni feki. Mwalimu akiwasahihisha watasema bandia, kisha wataketi wakidhani swali limekwisha. Kumbe lililobadilika ni neno tu. Fikira imebaki pale pale.

Sisi tunaofundisha lugha hatuwezi kuliacha jambo hili kwa wafanyabiashara na mahakimu peke yao. Neno moja likibebeshwa mambo yasiyofanana, msemaji hupoteza uwezo wa kuamua ni lipi la kulalamikia na ni lipi la kulipia. Kwa hiyo twataka kuifuata historia ya bidhaa moja, yaani nguo, ili tuone jinsi watu wa Afrika ya Mashariki walivyoishi na vitu vya kuigwa kwa muda wa miaka karibu 200. Nguo tumeichagua kwa kuwa ndiyo iliyosafiri pamoja na Kiswahili kutoka pwani hata huku bara. Tena, mpaka leo, ukienda makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kuwapokea watu waliokimbia Rwanda, utawakuta akina mama wa Kongo wakiuza vitenge, ambavyo wao huviita bikwembe, na mazungumzo ya muuzaji na mnunuzi huwa juu ya jambo lile lile: hiki ni chenyewe au si chenyewe?

Tarehe 21 Septemba 1833, Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan huko Maskati. Miaka minne baadaye, mwaka 1837, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, aliwasili Unguja. Waters alikuwa mtu wa Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts, na merikebu za Salem ndizo zilizokuwa zikija Unguja kuchukua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Hazikuja tupu. Zilileta nguo ya pamba iliyofumwa katika viwanda vya kwao: nzito, yenye rangi ya pamba yenyewe, isiyong'arishwa wala kutiwa nakshi. Watu wa pwani wakaiita merikani au amerikani, na kamusi zetu zingali zinalo neno hilo.

Richard Burton, aliyesafiri njia ya Unyamwezi kuanzia mwaka 1857, aliikuta merikani ikitumika kama fedha. Ilipimwa kwa mkono: mikono 4 ilikuwa shuka, shuka 2 zilikuwa doti, na doti kadhaa zilifanya jora. Mwanafunzi anayeijua doti ya kanga yafaa aambiwe kwamba neno hilo lilikuwa kipimo cha misafara kabla kanga haijavaliwa na mtu yeyote. Naye Henry Stanley, alipokuwa akijitayarisha Unguja mwaka 1871, alilazimika kwanza kujifunza ni nguo gani na ushanga wa rangi gani unaokubaliwa katika nchi gani, kwa sababu mzigo usiotakiwa haukumnunulia msafiri hata kibaba cha nafaka. Twalisisitiza hilo kwa kuwa vitabu vingi vya zamani huwaonyesha watu wa bara kama watu waliopokea chochote walicholetewa. Haikuwa hivyo. Wenyeji walikuwa na mapendeleo yao, nayo yalifika hata katika ofisi za wafanyabiashara wa Salem, ambao waliagiza nguo kufuatana na yaliyotakiwa huku.

Njia mojawapo ya misafara ilitoka Tabora ikapita Karagwe mpaka Buganda, ambako mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika baraza la Kabaka Suuna mwaka 1844. Karagwe ya zamani i ng'ambo tu ya Mto Kagera kwa mtu aliye Isingiro, wilaya yenye Ziwa Nakivale. Nguo hizo, basi, zilipita jirani na hapa petu kabla Mbarara haijawa mji.

Biashara yenye faida haikosi waigaji. Wafumaji wa Uingereza walijaribu kutengeneza nguo ya mfano wa merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipozuia pamba ya majimbo ya kusini, viwanda vya Massachusetts vilipungukiwa na malighafi, nguo yao ikapanda bei, na wengine wakaipata nafasi waliyokuwa wakiingoja. Bombay ilikuwa imekwisha kuanzisha viwanda vyake vya pamba katika miaka ya 1850. Kabla ya karne ile kwisha, merikani nyingi iliyouzwa Unguja ilikuwa ikitoka India. Jina halikubadilika. Mtu alinunua merikani ya Bombay kutoka kwa Mhindi wa Unguja, akaipeleka Tabora, ikavaliwa na Mnyamwezi, na Marekani haikuhusika popote isipokuwa katika jina.

Je, ilikuwa feki? Mwenye kiwanda wa Massachusetts angesema kwamba ameporwa soko lake. Lakini Mnyamwezi hakuwa amenunua Massachusetts. Alikuwa amenunua uzito, upana na uimara. Alipovipata hivyo kwa bei ndogo, hakudhulumiwa. Jina la nchi lilikuwa limekwisha kugeuka kuwa jina la aina, kama tunavyosema viazi ulaya, ijapokuwa viazi hivyo asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini na Ulaya ilivipata baadaye. Hakuna mwalimu atakayesema kwamba viazi ulaya vya Kabale ni bandia kwa kuwa havikutoka Ulaya. Huu twauita mwigo: kitu kamili, chenye kazi kamili, kilichofuata mfano wa kitu kingine.

Tulinganishe na jambo lililotendeka Uingereza wakati ule ule. Nyuzi za mtande hupakwa wanga kabla ya kufumwa ili zisikatike. Hiyo ni kazi halali ya mfumaji. Lakini pamba ilipoadimika katika miaka ya 1860, wenye viwanda wengi wa Lancashire walizidisha, wakatia udongo mweupe, ule wa kufinyangia vyombo vya kauri, ili nguo nyepesi ionekane nzito. Ulifika wakati, mwaka 1872, ambapo serikali ya Uingereza ilimtuma Daktari Buchanan katika mji wa Todmorden kuchunguza madhara ya kazi hiyo kwa wafumaji, waliokuwa wakivuta vumbi la udongo huo. Mnunuzi aliyeipeleka nguo ya namna hiyo mtoni alirudi na nguo nyingine, maana udongo ulikwenda na maji. Nguo hiyo haikuiba jina la mtu. Pengine ilikuwa na alama halali ya kiwanda halali. Hata hivyo ilikuwa na udanganyifu kuliko merikani yote ya Bombay. Lugha yetu inalo neno la tendo hili, nalo ni kughushi. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kuchanganya kitu duni ndani ya kitu kizuri kwa hila, kama maziwa yaliyotiwa maji. Siku hizi twalisikia zaidi mahakamani, kwa habari za hati na saini, hata wanafunzi wanadhani kwamba kinachoghushiwa ni karatasi tu.

Hata fedha yenyewe ilikuwa na habari kama hizi. Reale iliyotumika Unguja na pwani zote za Bahari ya Sham ilikuwa na sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria na mwaka 1780, ndio mwaka aliofariki. Vienna iliendelea kuzipiga reale hizo kwa zaidi ya miaka 100 bila kuubadili mwaka, na mnamo 1935 na 1936 Italia na Uingereza nazo zikaanza kuzipiga. Ukitafuta ya kweli utachoka. Kilichotazamwa ni uzito wa fedha, na uzito ulikuwapo.

Alama ni jambo jingine kabisa, na hapa wenye viwanda wana haki ya kulalamika. Mwaka 1887 Uingereza ilipitisha sheria ya alama za bidhaa, kwa sababu mafundi wa Sheffield walikuwa wakilia kwamba visu vya Ujerumani vinauzwa kwa jina la mji wao. Sheria ikataka bidhaa za kigeni zitaje nchi zilikotoka. Matokeo yake yalikuwa kinyume cha matumaini: baada ya muda, maneno "imetengenezwa Ujerumani" yakawa sifa badala ya aibu. Mwaka huo huo wa 1887 ndio ambao Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, alianza biashara yake Mombasa. Kanga zake zikaja kuandikwa "Mali ya Abdulla", na zinaandikwa hivyo hata leo. Kanga hiyo, ukiitazama vizuri, ina majina mawili: lile la methali au fumbo ambalo mwanamke hulichagua, na hili dogo la mwenye mali. La kwanza lamsemea mvaaji. La pili lipo kwa sababu Abdulla alijua kwamba kanga ikipendwa itaigwa, na alitaka mnunuzi aweze kuitofautisha. Kanga yenyewe, tukumbuke, ilizaliwa na leso za mitandio za Wareno, ambazo akina mama wa pwani walizinunua katika jora, wakazikata sita sita na kuziunga. Mtu akiyaiga maua ya kanga ya Abdulla, amefanya mwigo. Akiyaandika maneno "Mali ya Abdulla" na hali si mali yake, amesema uwongo kwa maandishi.

Tukija kwenye kitenge, mambo yanazidi kupendeza, maana hapo mwigaji wa jana ndiye mlalamikaji wa leo. Watu wa Java walikuwa na ufundi wa kuchora kitambaa kwa nta iliyoyeyushwa: panapopakwa nta rangi haishiki, na nta ikiondolewa nakshi hubaki. Ni kazi ya majuma mengi. Waholanzi, waliokuwa wakiitawala nchi hiyo, wakaona kwamba mashine ingeweza kuifanya kazi hiyo kwa haraka, kisha nguo ikauzwa kwa wenye ufundi wenyewe kwa bei ya chini. Pieter Fentener van Vlissingen alinunua kiwanda cha kupiga chapa huko Helmond mwaka 1846, na ndicho kilichokuja kuitwa Vlisco. Huko Haarlem, Prévinaire alirekebisha mashine hata ikaweza kupaka utomvu wa miti pande zote mbili za kitambaa badala ya nta.

Utomvu huo ulikuwa na kasoro: ulipokauka ulipasuka, rangi ikapenya katika nyufa, na kila kitambaa kikatoka na mishipa midogo midogo isiyofanana na ya kitambaa kingine. Watu wa Java waliiona kasoro hiyo, wakaikataa nguo. Lakini Mskoti mmoja, Ebenezer Brown Fleming, alipoipeleka katika Pwani ya Dhahabu, nchi inayoitwa Ghana leo, katika miaka ya 1890, watu wa huko waliipenda kwa ajili ya mishipa ile ile. Kosa la mwigaji likawa alama ya uhalisi. Siku hizi waigaji huichapa mishipa hiyo kwa makusudi, yaani wanaiga hata ajali. Waingereza wa Manchester waliwafuata Waholanzi, na Wajapani wakawafuata Waingereza. Na Vlisco, iliyoanza kwa kuwaiga wanawake wa Java, huandika ukingoni mwa kila kitambaa kwamba hii ndiyo waksi halisi ya Uholanzi.

Kuhusu Wajapani yafaa tusimame kidogo, kwa kuwa habari yao inaigusa Uganda. Mapatano ya Berlin ya 1885, yakiendelezwa na yale ya Saint-Germain ya 1919, yaliziweka nchi za bonde la Kongo, pamoja na Afrika ya Mashariki, chini ya kanuni ya usawa wa biashara kwa mataifa yaliyoshiriki. Mwaka 1934 Uingereza ilipoweka viwango vya kuzuia nguo za Japani katika makoloni yake mengi, haikuweza kufanya hivyo hapa. Nguo za Kijapani, nyingi zikifuata mifano ya Manchester, zikajaa Mombasa, Kampala na Dar es Salaam kwa bei ambayo Manchester haikuweza kushindana nayo. Wakati huo huo pamba ya Uganda, iliyoanza kulimwa kwa biashara mwaka 1903, ilikuwa ikinunuliwa na India hasa, na Japani pia. Mkulima aliuza pamba kwa ratili na kuinunua tena kwa yadi. Hasara yake kubwa haikuwa kwamba Mjapani alimwiga Mwingereza. Ilikuwa kwamba katika safari yote ile, kazi yenye faida zaidi ilifanywa mbali na shamba.

Baada ya vita kuu ya pili, serikali zetu zilijaribu kuirudisha kazi hiyo nyumbani. Umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, uliendesha kiwanda cha nguo cha Nyanza mjini Jinja. Tanzania ilipata kiwanda cha Urafiki mwaka 1968 kwa msaada wa China, na Zaire ilikuwa na Sotexki huko Kisangani. Wazee wetu walivaa nguo hizo na kuzisifu. Viwanda vingi vya namna hiyo vilidhoofika au kufungwa, vingine kwa machafuko, vingine kwa ukosefu wa vipuri, vingine kwa mitumba na kwa soko lililofunguliwa ghafla. Nafasi iliyobaki ilijazwa na kitenge cha China.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme mwenye kiwanda huko Uholanzi ametoa sura 20 mpya za kitenge. Amewalipa wachoraji, ametengeneza silinda, amepiga chapa, naye hajui zipi zitapendwa. Kumi na saba zikilala ghalani, lazima zile tatu zilipie hasara ya wenzao. Mwigaji hafanyi hivyo. Yeye hungoja. Akisikia kwamba sura fulani inagombaniwa Lomé au Kinshasa, huinakili hiyo peke yake, tena kwa chapa ya upande mmoja iliyo rahisi. Bei yake ni ndogo kwa kuwa hakubeba hatari, si kwa kuwa vibarua wake ni rahisi tu, kama wengi wanavyodhani. Na mwigaji akipata jina, naye huigwa: Hitarget ya Qingdao, iliyojulikana kwanza kama mfano wa waksi ya Uholanzi, imekwisha kupata waigaji wake huko huko China.

Mama wa Nakivale anayeuza yadi 6 za kitenge cha China, akasema ni cha China na kukiuza kwa bei ya China, hakumdhulumu mtu. Amemwezesha mkulima asiye na pesa nyingi kumvika mkewe sikukuu. Akisema ni cha Uholanzi, ameiba. Na kiasi alichoiba chaweza kuhesabiwa kwa shilingi, kwani ni tofauti ya bei mbili hizo. Vipande viwili vya nguo moja, katika meza moja, siku moja. Kimoja ni mwigo na kingine ni wizi, na kilichotenganisha ni sentensi ya muuzaji.

Hadi hapa madhara ni ya rangi kuchuja. Lakini wakimbizi wa Nakivale hupewa vipande vya ardhi walime, na huko ndiko neno feki linapotukosesha zaidi. Utafiti wa wachumi juu ya maduka ya Uganda, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba mbolea iliyouzwa ilipungukiwa kwa wastani na asilimia 30 ya virutubishi vyake, na kwamba katika mbegu za mahindi chotara zilizouzwa, mbegu halisi hazikufika nusu. Huo si mwigo. Huo ni ule udongo wa Lancashire. Mkulima hawezi kuijua mbegu kwa kuikunja na kuivuta kama nguo. Huijua baada ya miezi, njaa imekwisha kuingia. Akidanganywa mara moja, hukataa kulipa bei ya mbegu nzuri hata ikiletwa nzuri kweli, na muuzaji mwaminifu hufunga duka. Mchumi George Akerlof aliieleza hali ya namna hii mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyotumika: palipo na siri juu ya ubora, kibovu humfukuza kizuri sokoni.

Na iko hatari ya upande wa pili, ya kuuita mwigo kwa jina la wizi. Mwaka 2008 Kenya ilitunga sheria ya kupambana na bidhaa za bandia. Tafsiri ya neno hilo katika sheria ilikuwa pana mno, hata ikaweza kuzigusa dawa zile zinazotengenezwa na kampuni nyingine kwa kiini kile kile na kipimo kile kile cha dawa ya kwanza, na kuuzwa kwa bei nafuu. Watu watatu walioishi na virusi vya UKIMWI, ambao uhai wao ulitegemea dawa hizo, walikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi. Tarehe 20 Aprili 2012, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kutekeleza vifungu hivyo kwa dawa za namna hiyo kungevunja haki yao ya kuishi, na akaitaka serikali iitazame upya tafsiri ya neno.

Kiswahili kinayo maneno ya kutosha kwa kesi hiyo. Dawa nafuu yenye kiini kamili ni mwigo. Iliyopunguzwa nguvu kwa unga usio na kazi imeghushiwa. Iliyobandikwa jina la kampuni isiyoitengeneza ina alama ya wizi, hata kama inaponya. Na chaki iliyoshindiliwa ikapata umbo la kidonge, hiyo ndiyo bandia, kwa maana ile ile ya zamani ambayo mtoto wa bandia ana macho, mikono na nywele, na ndani yake hamna kitu ila matambara.